Bisi Katika Sahani ya Mama Zulfa

Makorora, Tanga

Eliza mwanangu,

Nakuandikia na wewe uko hapo chumba cha pili, nakusikia unagombana na zipu ya begi. Ningeweza kunyanyuka nikaja kukwambia haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu juzi, na kila nikifika mlangoni kwako najikuta nakuuliza kama umechaji simu. Kwa hiyo nimekaa na kalamu. Nikimaliza nitaisukuma karatasi chini ya mlango wako, uisome kabla hujatoka.

Mambo ya ada, ya chandarua, ya kutopanda bodaboda na mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kuyasema mpaka umeziba masikio. Sina la kuongeza. Mimi nataka kuongea nawe habari ya bisi.

Usicheke kwanza. Najua humu ndani zikitajwa bisi mnatazamana, baba ameanza tena. Lakini jana tulipokuwa tunakula, mama yako alikuuliza huko chuoni mtapangaje zamu za kupika wewe na wenzio wa chumbani. Ukasema, "Wapike wao, mimi nitaosha vyombo. Mimi na mafuta ya watu hatuelewani." Mama yako akacheka, akasema uvivu huo umeutoa kwa shangazi zako. Wewe ukacheka naye. Mimi niliinamia sahani yangu, kwa sababu najua maneno yale yametoka wapi. Niliyatia mimi kinywani mwako ukiwa darasa la tano. Unaondoka kesho ukiamini ulifanya jambo ambalo hukulifanya, na nikikuacha uende nalo Morogoro bila kusema, basi sijui nitajiita baba wa nani.

Nianze na kile nisichokionea aibu, yaani ufundi wenyewe, nipate kupasha mkono moto.

Mimi ni fundi baiskeli, vitu vingi sivijui, lakini bisi nazijua. Mafuta ya alizeti ndiyo ya kila siku. Yanavumilia moto, hayana makeke, na mahindi yanabaki na ladha ya mahindi. Mafuta ya nazi, hasa yale wanayopika wenyewe kina mama wa Kigombe na kuyauza kwenye chupa za maji, ni matamu mno kwa bisi za chumvi tupu. Ukizitia sukari bisi hizohizo utadhani unatafuna kashata iliyokosewa. Siagi usiikaangie. Itaungua kabla punje ya kwanza haijapasuka, na chumba kizima kitanuka maziwa yaliyoungua. Ukiitaka, iyeyushe pembeni umwagie mwishoni, na kidogo tu, maana bisi zikishalowa ndiyo basi. Mafuta yaliyokwisha kukaangiwa samaki wape paka wayanuse. Samli ndiyo niipendayo kuliko yote. Inakubali moto mkali kwa sababu maziwa yake yalishatolewa, na inaacha harufu ambayo mtu anaisikia kabla hajafika mlangoni.

Tia punje mbili tatu kwanza. Zikipasuka, mimina zilizobaki, ondoa sufuria motoni kwa muda wa pumzi chache, kisha rudisha, hapo zote zitakuwa zimepata moto sawa na zitapasuka pamoja. Mfuniko uuache wazi kidogo upande mmoja mvuke utoke, usiuzibe kwa hofu ya bisi kuruka. Zikiruka ziruke, sakafu unajua kuifagia.

Chumvi iwe laini. Ile ya mawe usipoisaga inateleza yote mpaka chini, na wa mwisho kula anakuta bahari. Ndimu inazilowesha bisi. Ukitaka ukali, nyunyizia unga wa ubuyu, unaleta uchachu na hauleti maji. Pilipili ya unga usiitie kwenye mafuta ya moto hata siku moja. Mimi niliitia mara moja mbele ya wanakwaya wote wa mtaa, tukatoka nje tunakohoa mchungaji akiwa mbele, na mama yako mpaka leo hajanisamehe. Na thomu iliyopondwa, pamoja na bizari ya pilau, ukivitia ndani ya mafuta kabla ya mahindi kisha ukaiopoa thomu ikianza kugeuka rangi, bisi zinakuwa na ladha ambayo watu watakuuliza umeifanyaje. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu ya kujisifia.

Na hapo kwenye thomu na bizari ndipo aibu yangu ilipojificha, kwa sababu ukishavitia, mafuta yaliyo chini huyajui tena ni mafuta gani.

Mwaka ule wa darasa lako la tano mama yako alikuwa amepanda Lushoto kumwuguza bibi yako. Ilikuwa Ramadhani. Tulikuwa bado tunapanga ile nyumba ya ua mmoja na kina Mama Zulfa, sisi upande wa barabarani, wao upande wa bombani. Utakumbuka kila siku kabla ya magharibi alikuwa anatuletea sahani imefunikwa kawa, ndani magimbi ya nazi au tambi, na kaimati zako za kugombania. Sisi Walutheri tulifuturu kuliko waliofunga. Na ua ule ulikuwa na adabu yake, sahani ya mwenzio huirudishi tupu. Mama yako alijua kuzirudisha. Atatia ndizi, atatia parachichi za kwao, hata mkate akikosa kingine. Alipoondoka, sahani za Mama Zulfa zikanilundikania jikoni, safi na tupu, na kila nikiziona nasikia haya. Zile haya ndogo nilizifanyia kazi. Hizi kubwa nilizikalia.

Mama yako alikuwa na sharti moja katika nyumba ile. Hakutaka kitimoto kipikwe ndani. Si kwamba yeye hali nguruwe, kwao kwenye sherehe anakula vizuri tu. Alikuwa anasema jiko letu na la Mama Zulfa yamepakana, vyombo vinakwenda na kurudi, na mtu aliyekuamini na sahani yake hufanyi naye mchezo. Nilikubali. Yeye akapanda basi, na wiki hiyohiyo nikanunua kitimoto kibichi, nikakikaanga wewe umelala, madirisha nimeyafunga kama mwizi. Mafuta yaliyobaki yaliganda meupe, mazuri, nikaona hasara kuyamwaga. Nikayatia kwenye kopo la samli lililokwisha, nikalisogeza nyuma ya kopo la samli yenyewe. Sikuandika kitu juu yake. Nilijiambia nitakumbuka.

Siku ile niliamua nirudishe sahani. Mahindi ya bisi yalikuwepo. Mpira ulikuwa unatangazwa redioni kwa jirani wa nyuma, nikawa nimesimama mlangoni sikio nimelitega huko, mkono mmoja umeshika thomu. Nikakwambia ulete samli. Ukaenda kabatini, ukarudi na kopo, ukasimama nyuma yangu ukasema, "Baba, ni hili?"

Sikugeuka. Nilisema, "Hilohilo."

Naomba usipite hapo haraka, mama. Uliuliza. Ulipoyaona makopo mawili yanafanana hukubahatisha, ulikuja ukauliza, na aliyekujibu bila kutazama ni mimi. Umesahau kwamba uliuliza. Nimekuchunguza miaka yote hii, nikikutegea maneno, na hata siku moja hukulitaja swali lile. Unachokumbuka ni kwamba kopo ulilitoa wewe. Mimi nakumbuka swali, na sauti yako ilivyokuwa, na nani alikuwa na mpira.

Nikapika. Thomu, bizari, mahindi, wewe ukatikisa sufuria kwa matambara mawili, ukanyunyizia chumvi ukijiona mpishi mkuu. Zilitoka nzuri kupita kiasi. Ukaibeba sahani ukakimbia nayo uani, bisi zinadondoka, kuku wa watu wanakufuata. Adhana ikaadhiniwa. Nilipoanza kusafisha ndipo nikaliona kopo la samli limekaa kabatini, limejaa, kijiko hakijaligusa. Nikalishika lile jingine, nikalamba kidole. Yalikuwa mafuta ya kitimoto.

Nilikwenda. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu miaka mingi nimelitumia kujifariji. Nilivuka ua mbio, kandambili mguu mmoja. Walikuwa wamekaa mkekani, Mama Zulfa, mumewe, Zulfa, na bibi yake Zulfa aliyekuja kutoka Kigombe kufunga na wajukuu. Sahani ilikuwa katikati, imebaki na punje za chini tu. Nikawaambia wanisamehe, bisi zile zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Hakuna aliyepiga kelele. Baba Zulfa aliweka kikombe chini. Bibi ndiye aliyeuliza, polepole, akinitazama mimi.

"Kayatia nani?"

Nikasema, "Mtoto kachanganya makopo."

Sikujua kama umenifuata. Nilipogeuka ulikuwa nyuma yangu, umeshika ukingo wa kanga iliyoanikwa. Ulinitazama mara moja, kisha ukaitazama mikono yako. Hukukataa. Ungesema tu "nilikuuliza, baba," ningeumbuka palepale na ingekuwa haki. Lakini ulikuwa mtoto, na baba amesema, basi ukaamini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuona ukiamini, Eliza. Niliona kabisa jambo lile likikuingia, na nikaliacha liingie, kwa sababu lilikuwa linanitoka mimi.

Mama Zulfa akasema mtoto hana kosa, na aliyekula bila kujua hana kosa. Akakushika kichwa. Bibi akainuka akaenda kusukutua. Asubuhi yake Mama Zulfa alichuchumaa bombani akiosha sahani ile, na vikombe, na sinia, kila kimoja mara saba na moja ikiwa kwa udongo, kama dini yao inavyowaagiza. Ulisimama dirishani ukihesabu kwa vidole. Ukaniuliza udongo ni wa nini. Nikakwambia ni usafi tu, nikaenda zangu kazini.

Baada ya pale salamu ziliendelea, lakini kawa halikuvuka ua tena. Zulfa alikuwa anakuja kucheza na ukimkaribisha chakula anasema ameshiba. Wewe uliacha kuingia jikoni. Ukitumwa dukani unasoma maandishi ya chupa ya mafuta mpaka mwenye duka anakuuliza kama unafanya mtihani. Siku ya kipaimara chako ulikataa kugawa chakula, ukasema wagawe wengine. Na mimi unajua nilifanya nini? Nilikusifia. Niliwaambia watu kanisani, Eliza ni mwangalifu sana, hata mafuta anayakagua. Nililigeuza jeraha lako kuwa sifa, nikaitembeza. Wakati huohuo mimi niliendelea kukaanga bisi kila sherehe, naambiwa hakuna kama fundi, nacheka, napokea sahani ya kwanza.

Hilo linanichoma kuliko kitimoto. Kitimoto ulikuwa ulafi, na mpira ulikuwa uzembe, na mtu anaweza kuvieleza akatazamwa usoni. Lakini kumtanguliza mtoto wa kike mbele yangu pale mkekani, nikajificha nyuma ya mabega yake, sina jina la kulipa zaidi ya aibu. Naiona aibu hiyo nikiwa nafunga mnyororo wa baiskeli ya mtu. Naiona ukiniamkia shikamoo asubuhi na mimi naitikia marahaba kana kwamba nimestahili.

Mama yako naye nilimpa hadithi ileile. Alisikitika, akakwambia usijali, na kopo lilitokea wapi hakuwahi kujua, nilisema ni la mgeni. Huyo nitamweleza mwenyewe kesho ukishaondoka. Usinitetee kwake.

Ungeniuliza nimejifunza nini, ningekwambia machache. Mafuta uyaonje yakiwa peke yake, baridi, kabla hujayatia kitu chochote cha kuyapamba. Kopo likibadilishwa kilichomo liandike hata kwa mkaa. Usipike kwa kujificha, kwa maana kilichopikwa hivyo hakina pa kuwekwa. Na mtu akikuuliza "ni hili?", acha unachosikiliza, geuka utazame. Nimejaribu kutafuta funzo kubwa kuliko haya na sikulipata.

Wenzio wa chumbani umesema wawili ni Waislamu, mmoja wa Pangani. Pika nao. Kaanga bisi kwa samli, au kwa alizeti mkiwa hamna hela, na kabla ya hapo uliza wanakula nini na hawali nini, sufuria ya nani ni ya nini. Hilo unaliweza. Ulikuwa unaliweza ukiwa na miaka ya kutikisa sufuria kwa matambara. Usikae pembeni kuosha vyombo kwa kosa langu.

Leo mchana nimefunga kibanda mapema nikaenda Ngamiani kwa Mama Zulfa. Wana nyumba yao sasa. Bibi alishafariki, miaka kadhaa imepita, na alikufa akiamini ni wewe. Hilo siwezi kulirekebisha na sitaki kukudanganya kwamba naweza. Mama Zulfa nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamweleza yote bila kuruka, mafuta niliyoyaficha, redio, swali lako, jibu langu. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza ungo mzima ndipo akasema.

"Mie n'lijua siku ileile, Baba Eliza. N'likaa n'kakungoja. N'kasema huyu atakuja kabla ya Idi."

Akaniuliza, "Yeye ushamwambia?" Nikasema bado, nitamwambia leo. Akasema, "Basi mie hujaniambia kitu." Akachota mchele mwingine akautia kwenye ungo, na mimi nikabaki nimesimama na baiskeli yangu, jua linaniwaka utosini, hakuniambia niketi wala hakuniambia niondoke.

Baadaye akauliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akasema basi upite kwake asubuhi ukiwa umeshavaa, umkaangie bisi. Mafuta uchague wewe, kopo ufungue wewe, atakula yeye na Zulfa na watoto wa Zulfa, na nyingine utie kwenye mfuko, uzile njiani. Nikamwambia sawa, nitakuleta mwenyewe kwa baiskeli.

Akasema, "Njia anaijua."

Basi nenda, mama. Mimi nitatangulia stendi na mabegi.

Baba yako